Mnyama Asiye na Pumzi

Jicho la mwanadamu lina kazi nyingi, lakini kazi yake ya kwanza ni kupambanua kilicho hai na kisicho hai. Kabla mtu hajauliza kama kitu ni kizuri au kibaya, ni chake au cha mwenziwe, jicho limekwisha kuuliza: Je, hiki kina uhai? Mtoto aliye mgongoni mwa mama yake humfuata kwa macho kuku apitaye uani, wala halifuati jiwe. Mchungaji arudiye jioni hupambanua kisiki na fisi kabla hajajua ametumia dalili gani. Kazi hii hufanyika upesi sana hata hatuihisi, kama tusivyohisi kupumua kwetu. Twaihisi siku moja tu, nayo ni siku inaposhindikana.

Siku hiyo imewafikia watu wengi katika zama zetu. Mafundi wa Marekani, Japani, China na nchi nyingine wameunda mashine zenye maumbo na miendo ya wanyama. Mashine hizo huitwa roboti, kwa neno lililoenea ulimwenguni kutoka katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek katika mwaka wa 1920. Asili ya neno hilo katika lugha ya Kicheki ni kazi ya shokoa. Roboti nyingine hutembea kwa miguu minne, nyingine hupepesa macho, nyingine hutikisa mkia zinapopapaswa. Ni kazi za akili, tena za kustaajabiwa. Hata hivyo watu wengi wazitazamapo hushikwa na wahaka, na mwili husisimka. Si hofu kamili, kwa maana hawakimbii. Si chuki, kwa maana hawakudhurika. Wala si furaha, ingawa pengine hucheka ili kujipa moyo. Wahaka huu watoka wapi? Na je, ni upumbavu wa kufukuzwa, au ni mshauri wa kusikilizwa?

Yafaa tuanze kwa kukiri kwamba umbo la mnyama peke yake halimtishi mtu. Wachongaji wa Wamunyu, katika nchi ya Ukambani, wamechonga sanamu za simba, twiga na kifaru kwa miaka mingi, wala mtoto hakosi usingizi kwa sababu ya kinyago cha twiga kilicho juu ya meza. Katika uwanja wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, iko sanamu ya Ahmed, ndovu mashuhuri wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta tangu mwaka wa 1970 hata alipokufa mwaka wa 1974. Sanamu hiyo ina ukubwa wa ndovu mzima, na pembe zake ndefu hustaajabisha. Lakini wanafunzi husimama mbele yake wakapigwa picha wakicheka. Hata ngozi halisi haitoshi kututia wahaka. Simba wawili wa Tsavo, waliowala wajenzi wa reli na kuuawa mwaka wa 1898, ngozi zao zilitandikwa sakafuni kama mazulia kwa miaka mingi, hata katika mwaka wa 1924 zikauzwa kwa makumbusho ya Field, Chicago, zikajazwa na kusimamishwa. Walipokuwa hai walitisha kambi nzima; leo wageni huwatazama kwa utulivu.

Kwa nini tumetulia? Kwa sababu jicho limekwisha kutoa hukumu yake, na hukumu hiyo haina rufani: mti ni mti, ngozi ni ngozi. Lakini fikiri, msomaji, kwamba umesimama mbele ya sanamu ya Ahmed, na ghafula sikio lake moja likapepea. Halafu kichwa kikageuka polepole, jicho likakuelekea. Kicheko kitakauka mdomoni. Sanamu haikukudhuru, wala haikukutishia madhara. Imefanya jambo dogo tu ambalo ndovu wa kweli hulifanya mchana kutwa. Ndovu apepeaye masikio ni jambo la kawaida. Sanamu isiyotikisika ni jambo la kawaida. Mambo mawili ya kawaida yamekutana, yakazaa jambo la tatu lisilo la kawaida. Basi wahaka haukai katika umbo, wala haukai katika mwendo. Hukaa mpakani, pale hukumu ya jicho inapokwama.

Mpaka huo ulianza kuchezewa zamani. Huko Ufaransa, katika mwaka wa 1739, fundi Jacques de Vaucanson alionyesha sanamu ya bata iliyofanywa kwa shaba. Ilipiga mabawa, ikanywa maji, ikadonoa nafaka, na baada ya muda ikatoa kinyesi. Watu waliistaajabia kuliko walivyostaajabia saa zao, ingawa saa nayo ni mashine ya magurudumu. Baadaye ilijulikana kwamba nafaka haikusagwa tumboni hata chembe. Kinyesi kilikuwa kimetayarishwa na kufichwa mapema. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hila hiyo yatufundisha neno: aliyetaka kuwashawishi watazamaji kwamba shaba ina uhai hakuifanya iseme wala icheze ngoma. Aliifanya ile.

Maelezo mashuhuri kuliko yote juu ya wahaka huu yaliandikwa na Mjapani, Masahiro Mori, mwalimu wa uhandisi mjini Tokyo, katika makala fupi ya mwaka wa 1970. Alisema kwamba kadiri roboti inavyozidi kufanana na mwanadamu, ndivyo tunavyozidi kuipenda, kama mtu apandaye mlima. Lakini mfano ukiukaribia sana ukamilifu bila kuufikia, mapenzi huporomoka ghafula, kama mtu aliyetumbukia bondeni akiwa karibu na kilele. Alitoa mfano wa mkono wa bandia. Kwa macho ni mkono kamili, lakini ukiushika kwa salamu waukuta baridi, hauna mifupa, na mwili wako husisimka. Aliongeza kwamba mwendo hulizidisha bonde hilo kina. Mori alisema hasa juu ya mfano wa mtu, lakini aliyoyaeleza twayaona pia katika mfano wa mnyama.

Tena si wanadamu peke yao wanaotumbukia humo. Katika mwaka wa 2009 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha kima picha za aina tatu: nyuso za kima wa kweli, nyuso zilizochorwa kwa kompyuta zisizofanana sana na za kweli, na nyuso zilizochorwa zikakaribia sana kufanana. Kima walizikodolea macho zile za kweli na zile zisizofanana. Zile zilizokaribia kufanana walizitazama kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba wahaka huu umeletwa na vitabu au sinema. Mizizi yake yaenda mbali.

Wako wasemao kwamba mizizi hiyo ni woga wa hatari. Wahenga walisema, Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyeshtuka bure mara mia alirudi nyumbani salama. Aliyekosa kushtuka mara moja pengine hakurudi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, lakini haitoshi. Mtu aliyeshtushwa na ung'ongo hutulia mara atambuapo kwamba ni ung'ongo. Mtazamaji wa roboti ajua tangu mwanzo kwamba atazama mashine, pengine amekwisha kuisoma bei yake, na bado hatulii. Ujuzi umemfikia, lakini haukumponya.

Wako wengine wasemao kwamba ni tarajio lililovunjika. Ubongo haungoji kuona, hutangulia kukisia. Ukiona manyoya wangojea joto, ukiona mbavu wangojea pumzi. Kitu chenye sura ya uhai kikienda kwa mwendo wa chuma, kisio hilo hukosea kila nukta. Katika mwaka wa 2011 Ayse Saygin na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego, walieleza jinsi walivyopima bongo za watu waliokuwa wakitazama mtu, kisha roboti yenye sura ya mtu, kisha roboti ileile iliyovuliwa sura ikabaki chuma kitupu. Mtu hakuusumbua ubongo, wala chuma kitupu hakikuusumbua sana. Kilichousumbua ni sura ya mtu iliyounganishwa na mwendo wa mashine.

Fundi Takanori Shibata wa Japani alilikuta jambo hilo kazini mwake. Mwaka wa 1993 alianza kuunda roboti ya kuwaliwaza wagonjwa na wazee. Alijaribu umbo la paka na la mbwa, lakini watu walizitoa kasoro, kwa maana kila mtu amjua paka, na kila kosa dogo lilionekana. Ndipo akachagua mtoto wa sili, mnyama mweupe wa bahari za barafu, ambaye ni watu wachache mno waliopata kumshika. Roboti hiyo, iitwayo Paro, ilipokewa kwa mapenzi. Asiyeujua wimbo hamtambui aliyekosea kuuimba.

Hoja hizo mbili ni njema, lakini naamini liko jambo la tatu lililo chini yake, nalo lahusu wajibu kuliko macho. Lugha yetu itatusaidia kulitambua. Katika Kiswahili mtu hawezi kutunga sentensi sahihi juu ya mnyama bila kukiri kwamba mnyama huyo ana uhai. Chukua neno kifaru. Umbo la neno hili ni la vitu, kama kiti na kisu. Lakini kwa kuwa mnyama ni hai, sarufi humtoa miongoni mwa vitu na kumweka pamoja na watu. Twasema kwamba kifaru Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta mwezi wa Machi 2018. Lakini kifaru cha vita, kile cha chuma chenye mzinga, kiliharibika. Neno ni lilelile. Kiambishi ndicho kitoacho hukumu. Sasa mashine yenye umbo la mbwa ikijikwaa mbele yako, utasema ameanguka, au utasema imeanguka? Ulimi utasita. Na kusita huko kwa ulimi ndiko kusita kwa moyo.

Kwa nini kusita huko kuwe na uzito? Kwa sababu kila kiumbe kilicho hai kina dai juu yetu. Kiti kikivunjika mguu, twahesabu hasara yetu. Punda akivunjika mguu, maumivu ni yake, nasi twapaswa kufanya jambo, hata kama punda si wetu. Macho ya mnyama, kutetemeka kwa miguu yake, kujikunyata kwake apigwapo, yote ni kama hati ya madai isomekayo: Hapa yupo awezaye kuumia. Mashine yenye umbo la mnyama hutukabidhi hati hiyohiyo, nayo imeandikwa vizuri, lakini mwenye kudai hayupo. Moyo huitika mwito. Akili husema hakuna aliyeita. Mtu avutwaye mikono miwili, huyu huku na huyu kule, atatuliaje?

Ushahidi wa jambo hili ni mwingi. Katika mwaka wa 2005 kampuni ya Boston Dynamics ya Marekani iliunda mashine ya miguu minne, BigDog, iliyokusudiwa kubeba mizigo ya askari. Haikuwa na kichwa wala manyoya, na injini yake ilinguruma. Lakini katika filamu iliyoonyeshwa mwaka wa 2008 mtu mmoja aliipiga teke ubavuni. Ikapepesuka, miguu ikahangaika kama ya ndama aliyezaliwa leo, kisha ikajikaza ikasimama. Mwaka wa 2015 mashine nyingine ndogo zaidi ya kampuni hiyo, Spot, ilipigwa teke vilevile. Teke lilikusudiwa kuonyesha uimara wa mashine. Watazamaji wengi hawakuona uimara. Waliona mnyama akionewa.

Mjini Geneva, mwaka wa 2013, mtafiti Kate Darling aliwapa watu roboti ndogo za kuchezea zenye umbo la mtoto wa dinosau, wakazipa majina na kucheza nazo. Kisha wakatakiwa kuzipiga na kuziharibu. Walikataa. Ilibidi watishwe kwamba zote zitaharibiwa isipokuwa mmoja wao akubali kuharibu moja, ndipo mtu mmoja akashika shoka. Na huko Japani kampuni ya Sony iliuza mbwa wa chuma, Aibo, tangu mwaka wa 1999, ikaacha kuwaunda mwaka wa 2006, na mwaka wa 2014 ikaacha kuwatengeneza waliokuwa wakiharibika. Tangu mwaka wa 2015, katika hekalu moja la Kibudha mjini Isumi, mabaki ya Aibo yamepangwa madhabahuni na kuombewa dua kama wafu.

Hapa atatokea mwenye akili kavu aseme: Huu ni ujinga. Chuma hakiumii. Wafundisheni watu kufuata akili, na wahaka utakwisha. Juu ya chuma asema kweli. Lakini njia aionyeshayo imekwisha kupitwa na watu, na twajua ilikoishia. Katika mwaka wa 1637 mwanafalsafa Mfaransa, René Descartes, aliandika kwamba kama ingekuwapo mashine yenye viungo na sura ya nyani, tusingekuwa na njia ya kuitofautisha na nyani wa kweli. Tazama alikoielekeza hoja hiyo. Hakusema kwamba mashine yastahili huruma kama nyani. Alisema kwamba mnyama naye ni kama mashine iendayo yenyewe. Yasimuliwa kwamba baadhi ya waliomfuata walisikia kilio cha mbwa apasuliwaye akiwa hai, wakakihesabu kuwa ni mlio wa saa iliyoguswa.

Basi yako makosa mawili ambayo mtu aweza kuyafanya. La kwanza ni kukipa uhai kitu kisicho nao. La pili ni kumnyima uhai kiumbe aliye nao. Makosa haya hayana uzito mmoja. Katika filamu za Shirika la Utangazaji la Uingereza zilizoonyeshwa mwaka wa 2017, tumbili wa Rajasthan, India, walipelekewa roboti yenye umbo la mtoto wao. Mmoja aliibeba, ikamponyoka ikaanguka chini, wasione inatikisika. Tumbili walikusanyika, wakatulia, wakakumbatiana, kama wafanyavyo wakifiwa. Walifanya kosa la kwanza, na kosa hilo halikumwumiza yeyote. Lilipoteza huruma kidogo tu, na huruma si mali iishayo kwa kutumiwa. Gharama ya kosa la pili ni damu. Basi atakaye kuung'oa wahaka wote moyoni mwake ili asifanye kosa la kwanza, ajihadhari asiufungue mlango wa la pili.

Immanuel Kant wa Ujerumani hakukubali kwamba wanyama wana haki zao wenyewe. Hata hivyo alifundisha kwamba mtu awatendeaye wanyama ukatili huwa mgumu pia kwa wanadamu. Tukiifuata hoja hiyo, hata teke lililopigwa chuma lataka kutazamwa, si kwa ajili ya chuma bali kwa ajili ya mguu. Mguu haujui falsafa, wajua mazoea. Fundi apimaye mashine yake hana lawama. Lakini mtu aipigaye mashine kwa kufurahia kuiona ikihangaika, furaha hiyo ameipata wapi, na kesho ataipeleka wapi?

Sasa, msomaji, tujipime wenyewe. Huyu anayesikitika mashine ya ng'ambo ikipigwa teke, pengine asubuhi alipita karibu na punda aliyebebeshwa maji kupita nguvu zake, mgongo una vidonda, naye achapwa ili apande mlima. Wala mwili wa mpita njia haukusisimka. Yule asiyeweza kuumia amepata huruma, na awezaye kuumia amekosa. Sababu ni nini? Mashine ni kioja, na kioja huliamsha jicho. Punda tumemzoea, na mazoea hulilaza. Hati yake ya madai ni ya kweli, mwenye kudai yupo, lakini tumeiona mara nyingi hata hatuisomi tena.

Hapa ndipo wahaka uwezapo kuwa mwalimu wetu. Hutuonyesha kwamba ndani yetu uko mlango ambao kiumbe hai hupita akaingia moyoni, na kwamba mlango huo bado haujapata kutu. Lakini mlinzi wa mlango hustahili kuulizwa habari, si kufukuzwa wala kutiiwa kama bwana. Umwonapo mnyama asiye na pumzi, na mwili ukakusisimka, jiulize kwanza: Je, yupo hapa awezaye kuumia? Ukishajibu, jiulize la pili: Ni nani aliyekiunda kitu hiki ili nihisi hivi, naye ataka nini kwangu? Mtu aliyeiunda Paro ataka kumtuliza mzee aliyepotewa na kumbukumbu, na hilo ni jema, mradi watoto wa mzee wasiifanye mashine kuwa sababu ya kutokwenda kumwamkia. Mwingine aweza kuunda macho ya kuvutia ili auze, au ili apeleleze. Umbo la mnyama ni ufunguo wa mioyo ya watu, na mwenye ufunguo si lazima awe mwenye nyumba.

Na utakapokuwa umekwisha kuyajibu maswali hayo, usiishie hapo. Peleka macho yako barabarani na malishoni, kwa punda, kwa mbwa asiye na mwenyewe, kwa kuku waliofungwa miguu wakaning'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli. Hao hawana mafundi wa kuwapamba wala filamu za kuwaonyesha. Wana pumzi tu. Jicho lililojifunza kusita mbele ya kitu kisicho na pumzi halina udhuru wa kusinzia mbele yao.